Maswali ya Wasomaji: Wanawake Waliojenga Miji ya Kusini

Mwezi huu tumepokea barua kadhaa kutoka kwa watu wa mikoa ya Mtwara na Lindi, na kwa kuwa zote zinahusu namna ya kuwaenzi wanawake walioijenga miji yao, nimeona nizijibu pamoja. Majina ya waandishi tumeyahifadhi kwa ombi lao.

Shikamoo Mama. Sisi ni kikundi cha akina mama wa Mikindani, na tunaandaa siku ya kuwaadhimisha wanawake waliojenga mji wetu. Katika kikao cha kwanza majina yaliyotajwa upesi yalikuwa ya madiwani, walimu wakuu na wake wa viongozi. Tulipotaka kurudi nyuma zaidi tulikwama, na wazee wa kiume tuliowauliza walituambia kwamba mji huu ulijengwa na wafanyabiashara, Wajerumani na Waingereza, hivyo tusijisumbue. Tuanzie wapi, na tumwenzi nani?

Marahaba, wanangu, na hongereni kwa kuuliza kabla ya kuchapisha majina. Wazee wenu wamewasimulia mji kama wao walivyosimuliwa, yaani kwa majengo na kwa wageni. Mtu afikaye Mikindani huoneshwa Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, kisha huelezwa habari za David Livingstone, aliyepita hapo mwaka 1866 akielekea bara katika safari ambayo hakurudi akiwa hai. Aliyepita tu anatajwa hadi leo kwa jina na mwaka, ilhali waliolima, waliouza, waliozalisha, waliofundisha na kuzikwa hapo hapo hawatajwi. Msishindane na historia hiyo, kwa sababu ni ya kweli. Iongezeeni maswali ambayo haikuuliza. Nani alikuwa akiulisha mji wakati wanaume wako baharini au wako kwenye misafara? Nani alikuwa akipokea watoto kabla ya kuwapo zahanati? Nani aliwasomesha mabinti Kurani? Kiwanja chenye duka leo kilikuwa cha nani? Mkimtafuta mwanamke kwa cheo chake mtampata mmoja au wawili, lakini mkimtafuta kwa kazi yake mtawapata wengi, tena kwa majina yao kamili.

Ninyi watu wa Kusini mna msaada ambao wenzenu wa mikoa mingi hawana. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye kauli juu yake ni mjomba, ambaye naye amepata kauli hiyo kwa sababu ni ndugu wa yule aliyezaa. Kwa hiyo mtu akisimulia chimbuko la ukoo wake kikamilifu, hawezi kukwepa kufika kwa bibi fulani aliyehama na ndugu zake, akafyeka pori mahali fulani na kuacha uzao. Mwulizeni mzee yeyote mama wa mama wa mama yake alitoka wapi, kisha mnyamaze mumsikilize. Mara nyingi yule yule aliyesema kwamba wanawake hawamo ndiye atakayewapa majina matatu ya mwanzo.

Pwani mambo yalichanganyika, kwa kuwa sheria ya Kiislamu ya mirathi hufuata zaidi upande wa baba, ingawa nayo imempa mwanamke fungu lake la mali ambalo ni lake mwenyewe. Ndiyo maana katika mji kama Mikindani kiwanja kimoja chaweza kuwa na masimulizi mawili ya urithi, moja la kuumeni na jingine la kukeni, na yote mawili yakasemwa na watu wakweli. Andikeni yote mawili bila kuamua kesi, maana ninyi hamkukaa kama baraza la ardhi.

Hata hadithi ya asili ambayo Wamakonde wamerithishana inamweka mwanamke mwanzoni kabisa. Mtu mmoja aliyeishi peke yake porini alichonga sanamu ya mti, akaisimamisha, na kulipokucha akaikuta imekuwa mwanamke, akamwoa. Watoto wao wa mwanzo, waliozaliwa mabondeni karibu na mto, walikufa. Waliposogea juu kwenye uwanda wa milima akazaliwa mtoto aliyeishi, na huyo ndiye asili ya watu. Wachongaji wanapochonga mama mwenye mtoto wanajua wanamchonga nani.

Na kama mtaambiwa kwamba pwani hii haikupata kutawaliwa na mwanamke, jibuni kwa adabu kwamba Kilwa, ambayo leo imo katika Mkoa wa Lindi, ilikuwa na Mfalme Fatima mwanzoni mwa karne ya 18. Barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711, zikiwamo za malkia huyo, zimehifadhiwa hadi leo katika nyaraka za kale za Goa, India, na zinahesabiwa miongoni mwa maandishi ya kale zaidi ya Kiswahili yaliyosalia. Mwanamke wa Kusini alikuwa akiandikiana barua za kiserikali zaidi ya miaka 180 kabla ya Boma la Mikindani kujengwa.

Sasa shukeni kwenye kazi zenyewe. Nitaieleza moja kwa kirefu, kwa kuwa naiona ikisahauliwa kila orodha ya mashujaa inapoandikwa. Mkorosho uliletwa pwani yetu na Wareno, lakini ulikuja kuwa zao kubwa la biashara la Kusini katika karne ya 20, hata msimu wa 1973/74 Tanzania ikavuna takribani tani 145,000. Katika habari za zao hilo mtasoma juu ya mashamba, vyama vya ushirika, minada na bandari. Hamtamsoma mama aliyeketi uani na karai lenye matundu juu ya mafiga, akikaanga korosho hadi mafuta ya ganda yakashika moto yenyewe na moshi ukawasha macho ya nyumba nzima, kisha akalimwaga karai lote mchangani ili kuuzima ule moto, kisha akazigonga moja moja juu ya jiwe kwa kijiti, kwa nguvu inayotosha kupasua ganda na isiyotosha kuvunja kiini. Mafuta yale huunguza ngozi, na ndiyo maana wazoefu hupaka mikono majivu kwanza. Hata hivyo vidole hubaki na weusi usiotoka kwa sabuni msimu mzima. Korosho hizo zilifungwa vikaratasi, zikauzwa stendi na gatini, na kwa fedha hizo zikanunuliwa sare, madaftari na mabati. Piteni mtaa kwa mtaa mkauliza ni nani waliosomeshwa kwa korosho za kubangua kwa mkono, na mama zao ni akina nani. Nina hakika mtarudi na orodha ndefu kuliko ya madiwani.

Ulizeni vivyo hivyo kuhusu Mtwara Mjini, ambayo ilikua kwa haraka baada ya Waingereza kuanzisha Mpango wa Karanga mwaka 1947, wakajenga bandari ya kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea. Mpango huo ulivunjika mwaka 1951, na reli ikang'olewa katika miaka ya 1960. Hasara ya matrekta na mbegu imeandikwa kurasa kwa kurasa. Wale vibarua waliojenga bandari walikula kwa nani, walipanga chumba kwa nani, na alipougua mmoja wao mbali na kwao alilala mikononi mwa nani? Wengine wa hao wenyeji wao walikuwa akina mama wa Mikindani na Msangamkuu, na bila shaka wajukuu wao wapo.

Kuhusu madiwani na walimu wakuu, msiwaondoe. Wamo kwa haki yao. Mke wa kiongozi naye aingie ikiwa ana kazi yake mwenyewe ya kutajwa, wala asiingie kwa cheo cha mumewe. Mwanasiasa kama Mama Anna Abdallah wa Mtwara, aliyekuwa waziri na Mwenyekiti wa Umoja wa Wanawake Tanzania (UWT), kumbukumbu zake ziko salama Bungeni na magazetini, kwa hiyo nguvu zenu za mwaka huu ziwekeni zaidi kwa wale ambao wakikosa kuandikwa na ninyi hawataandikwa na mtu mwingine. Orodha ya mwaka wa kwanza iwe fupi, na kila jina liwe na watu wawili wasio wa nyumba moja wanaoweza kulisemea.

Jambo la mwisho kwenu: mmesema mnataka kubandika vibao kwenye nyumba za mawe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo ya kabla ya mwaka 1863, na kuyatoboa au kuyapigilia misumari bila kibali ni kosa. Mwoneni kwanza afisa utamaduni wa Manispaa. Njia nyepesi zaidi, na kwa maoni yangu iliyo bora, ni kupeleka pendekezo la jina la barabara kwenye mkutano wa mtaa, kwa sababu jina la barabara hutamkwa kila siku na bodaboda, na wauza samaki, na watoto wanaotumwa dukani.

Mama, mimi ni mwalimu wa sekondari mjini Lindi. Nimewapa wanafunzi wangu kazi ya kuandika maisha ya mwanamke mmoja mzee katika mtaa wao. Wanarudi na maelezo yasiyo na miaka, majina ya mtu mmoja yanatofautiana, na mabibi wawili wanasimulia tukio moja kwa namna mbili. Je, kazi kama hii ina thamani ya historia, au niiache?

Usiiache, Mwalimu. Matatizo uliyoyataja ni ya kawaida katika kazi hii, na kila moja lina dawa yake.

Miaka haipatikani kwa sababu wanafunzi wameiuliza kwa tarakimu. Bibi aliyekua bila kalenda ya ukutani anakumbuka kwa matukio, na Lindi imejaaliwa matukio ya kuhesabia. Kwa masimulizi aliyoyapokea kwa wazazi wake vipo Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, ipo vita ya Wajerumani na Waingereza ambayo mwaka 1917 ilipiganwa vikali huko Mahiwa, ndani ya mkoa wenu. Kwa yale aliyoyaona mwenyewe kuna kimbunga kilichoipiga Lindi mwaka 1952, kuna Uhuru wa 1961, Azimio la Arusha la 1967, kuhamia vijijini katikati ya miaka ya 1970 na vita ya Kagera ya 1978. Mwanafunzi asiulize, "Bibi, ulizaliwa lini?" Aulize, "Bibi, kimbunga kilipopiga ulikuwa mtoto wa kubebwa, au ulikuwa umeshachezwa unyago?" Jibu litakuja papo hapo, na pamoja nalo litakuja habari ya paa lililong'oka, jirani aliyewahifadhi na chakula walichokula wiki ile.

Majina yanatofautiana kwa sababu mwanamke mmoja wa Kusini anaweza kuwa na majina matatu yaliyo halali. Lipo alilopewa alipozaliwa, lipo alilochukua alipotoka unyagoni, na lipo la msikitini au la ubatizo. Isitoshe, mwanamke wa pwani huitwa binti fulani kwa jina la baba yake maisha yake yote, ilhali karatasi za serikali zilizokuja baadaye mara nyingine zimemwandika kwa jina la mume. Mwanafunzi asiyejua hayo atadhani ameandika habari za wanawake watatu. Waagize waanze kila daftari kwa majina yote ya bibi, na mbele ya kila jina waandike nani alimpa na nani anamwita hivyo.

Mabibi wawili wanaposimulia tofauti, mwanafunzi asichague anayempendeza. Aandike wote wawili, aseme kila mmoja alikuwa wapi na alikuwa na umri gani tukio lilipotokea. Aliyekuwa uani anapika aliona jambo moja, na aliyekuwa barazani aliona jambo jingine. Kwa nasaba, watafuteni watani wa ukoo huo, kwa kuwa mtani ana ruhusa ya kusema hadharani, hata msibani, yale ambayo ndugu wanayanong'ona, na kwa hiyo huyashika vizuri. Kwa waliobatizwa, vitabu vya parokia vina majina ya wazazi na wasimamizi. Kwa nyakati za Mwingereza, maofisa wa wilaya waliacha vitabu vya wilaya ambavyo vimehifadhiwa Kumbukumbu za Taifa. Humo wanawake wanatajwa kwa uchache, lakini mashauri ya ardhi, kodi na majumbe waliorithishana kupitia dada zao yatakusaidia kupima maneno uliyoyasikia.

Nakuomba uwafundishe jambo moja la mwenendo. Watoto wa siku hizi huingia na simu mkononi, wakaiwasha kabla ya salamu kwisha. Waamkie, wakae chini, waeleze wametumwa na nani na maelezo yatakwenda wapi, waombe ruhusa ya kurekodi, na wakikataliwa waandike kwa kalamu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ruhusa hiyo imekuwa pia suala la kisheria, lakini hata isingekuwapo sheria, mtu mzima huombwa. Swali la kwanza lisiwe la shida wala la siasa. Mimi hupenda kuuliza, "Nani alikuwa somo wako?" Mwanamke wa Kusini akitajiwa somo wake, yaani aliyemlea na kumwelekeza siku za uali, uso wake hubadilika, na kuanzia hapo huna kazi tena isipokuwa kusikiliza.

Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mzee wa Mtwara Mjini. Nimesikia kuna mpango wa kuwaenzi manyakanga, yaani akina mama wanaoongoza unyago, katika sherehe ya wanawake. Naona ni hatari mara mbili: siri za unyago zitamwagwa mbele ya wanaume na watoto, na pia tutakuwa tunatukuza desturi ambayo imewatoa mabinti wetu shuleni. Nini maoni yako?

Mzee wangu, shikamoo. Hofu yako ya kwanza ina jibu jepesi, kwa sababu nyakanga anaweza kuenziwa kama mtu bila mafundisho yake kuguswa. Inatosha kutaja jina lake, miaka aliyoshika kazi, alirithi kwa nani na aliwalea mabinti wa mitaa gani. Yaliyosemwa ndani yabaki ndani. Ikiwa waandaaji wanataka kuigiza jukwaani ngoma ya ndani, mimi nipo upande wako, na ninawasihi waache.

Hofu yako ya pili ni nzito zaidi, na siwezi kuipuuza. Wapo mabinti waliochezwa wakiwa wadogo mno, wakapewa maelezo ya ndoa kabla ya kumaliza shule ya msingi, na masomo yakaishia hapo. Hilo ni dhara, na sherehe yenye heshima haitalificha. Lakini mila hii haikupata kuwa jiwe. Katika Dayosisi ya Masasi, Askofu Vincent Lucas, aliyeshika kiti hicho mwaka 1926, aliwaachia Waumini jando na mafunzo ya wasichana kwa sura ya Kikristo, na kazi hiyo isingewezekana bila wazee wa kiume na wa kike kukubali kubadili mambo. Katika siku zetu kuna manyakanga wanaongoja likizo ya shule, wanaokataa mtoto mdogo, na wanaomwambia mzazi waziwazi kwamba binti amalize masomo kwanza. Hao ndio wa kuitwa mbele. Mwanamke ambaye neno lake moja linasikilizwa na mabinti wa kata nzima kuliko hotuba ya kiongozi yeyote ameujenga mji kweli, na mji una haki ya kumshukuru na kumwomba aendelee kulitumia neno hilo vizuri.

Assalaam alaykum, Mama. Ninaishi Dar es Salaam, lakini asili yetu ni Mikindani. Bibi mzaa bibi yangu aliletwa pale akiwa mtoto, kutoka upande wa Ziwa Nyasa, akawa mtumwa katika nyumba ya watu. Baadaye aliishi huru, akafinyanga na kuuza vyungu, akanunua kiwanja ambacho familia yetu inakaa hadi leo. Ningependa jina lake lisomwe katika sherehe. Wajomba zangu wamekataa kabisa. Wanasema tutawapa watu la kututukania. Nifanye nini?

Waalaykum salaam, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara nyingi.

Nianze kwa kukwambia kwamba wajomba zako hawaogopi kitu cha kuwazia tu. Mikindani, Lindi na Kilwa Kivinje zilikuwa milango ya kutolea watu waliokamatwa bara, na hata baada ya Sultani Barghash kutia saini mwaka 1873 mkataba wa kufunga soko la Zanzibar na kuzuia kusafirisha watumwa kwa bahari, utumwa wa majumbani uliendelea huku bara kwa miongo mingi. Wajerumani hawakuufuta, walitangaza tu kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Uliondolewa kabisa kisheria katika Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Maana yake ni kwamba wapo watu wanaoishi leo ambao bibi zao waliishi katika hali hiyo, na wapo walionyimwa mchumba, au waliosutwa katika ugomvi wa kiwanja, kwa kutajiwa asili yao. Wajomba wanakumbuka matusi hayo kwa sauti za waliowatukana.

Hata hivyo aibu hiyo si yenu. Ni ya walionunua na waliouza. Mtoto aliyetembezwa kwa miguu kutoka Nyasa hadi baharini, akabaki hai, akajifunza lugha ya watu wasio wake, akaufinyanga udongo wa nchi asiyoichagua na kwa vyungu vyake akanunua ardhi, huyo ameujenga mji huo kuliko wengi ambao majina yao yameandikwa. Kuna mji jirani unaolisema jambo hili waziwazi. Makazi ya misheni ya Masasi yalianzishwa mwaka 1876 na Askofu Edward Steere pamoja na watu waliokombolewa kutoka utumwani, wanaume kwa wanawake, na watu wa Masasi husimulia chanzo hicho kanisani na shuleni bila kuinamisha kichwa.

Pamoja na hayo, sikushauri ulipeleke jina lake kwa siri. Bibi huyo ni wa ukoo mzima, na jina litakalosomwa huku wajomba wamesusa litaleta ugomvi juu ya kaburi lake. Nenda Mikindani, usiwapigie simu. Waombe wakueleze wao alikuwa mtu wa namna gani, alipenda nini, alikemea nini, vyungu vyake vilijulikana kwa alama gani. Yaandike au yarekodi, uwaachie nakala. Kisha uwaulize kama wanaridhia asomwe kama mfinyanzi na mwenye kiwanja, "aliyetoka upande wa Nyasa akiwa mtoto", bila kusemwa zaidi. Maneno hayo ni ya kweli. Anayejua ataelewa, na asiyejua hatapata la kuwatukania. Wakikataa hata hayo, subiri. Maelezo uliyokusanya yakae nyumbani katika bahasha, na watoto wenu waambiwe yapo.

Kwa waandaaji wa sherehe hiyo, ambao natumaini wanasoma safu hii, ninaongeza ombi. Katika orodha yenu tengeni sentensi moja kwa ajili ya wanawake waliopitishwa Mikindani ambao hakuna aliyebaki wa kuwataja. Msiwabunie majina na msiwatungie visa. Semeni walikuwapo, waliletwa kwa nguvu, na wengine wao ndio bibi zetu, kisha wasomewe dua.

Shikamoo Mama. Sisi vijana wa Nachingwea tunabishana. Wapo wanaotaka Bibi Titi Mohamed na Josina Machel wawe wa kwanza katika orodha ya wanawake wa mji wetu. Wengine wanasema hao si wa hapa. Nani yuko sahihi?

Marahaba. Kwa hawa wawili jibu langu si moja.

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, akawa kiongozi wa kwanza wa akina mama wa TANU mwaka 1955, na akazunguka nchi akihamasisha. Heshima yake ni ya taifa zima, na Dar es Salaam kuna barabara kubwa yenye jina lake. Ninyi mwekeni kwenye utangulizi wa sehemu inayohusu kupigania Uhuru, kisha sehemu yenyewe ijazeni watu wenu. Alichokifanya Dar es Salaam kiliwezekana kwa sababu wanawake wa vikundi vya ngoma, waliokuwa wakijuana nyumba kwa nyumba, waliuza kadi, walichanga fedha na kuwaita wenzao mikutanoni. Ulizeni vikundi vya ngoma vya Nachingwea vya miaka ya 1950 viliongozwa na nani, na kadi za TANU zilifichwa kwenye sanduku la nani.

Josina Machel kwa upande wake ana uhusiano wa moja kwa moja na mji wenu. Alikuwa Mmsumbiji, na FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji kilichoanza vita mwaka 1964, kilikuwa na kambi yake kuu ya mafunzo Nachingwea. Mwaka 1967 wanawake walianza kupata mafunzo ya kijeshi hapo, naye alikuwa miongoni mwao. Alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971 akiwa na umri wa miaka 25, na tarehe hiyo ndiyo Siku ya Mwanamke wa Msumbiji. Kwa hiyo anastahili kuwa katika historia ya Nachingwea kama mgeni aliyepata mafunzo makubwa ya maisha yake katika ardhi yenu.

Lakini kambi haikuwa kisiwani. Wakimbizi walivuka Mto Ruvuma wakiwa na watoto mgongoni, na kwa kuwa Wamakonde wako kando zote mbili za mto huo, wengi walipokelewa kama jamaa. Kuna mwanamke aliyewamegea shamba, kuna aliyenyonyesha mtoto wa mwenzake aliyefia njiani, kuna aliyeuza mihogo na samaki kwa wapiganaji na kunyamaza alipoulizwa na wapelelezi. Kama yupo aliye hai, leo ana umri mkubwa sana. Mabishano yenu yasimamisheni kwa muda, mgawane vijiji, mkamtafute na kuandika jina lake, kijiji alichotoka na watu aliowapokea. Mkileta maelezo hayo yakiwa na ridhaa yake, safu hii itayachapisha.